Kilichoachwa Nje ya Muhtasari

Katika maandishi yote niliyowahi kuyashika, hakuna yanayonitoa jasho kama muhtasari wa kikao cha ukoo. Mtu akifariki bila kuacha wosia, jamaa hukaa kikao, humpendekeza msimamizi wa mirathi, huwataja warithi, kisha muhtasari wa kikao hicho hupelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Hakimu hakuwapo sebuleni. Hakumwona aliyelia wala aliyeinuka akatoka nje, na hawezi kumjua aliyenyamaza kwa sababu hataki ugomvi na kaka zake. Mbele yake zitafika kurasa mbili, majina, sahihi na alama za dole gumba. Atakayoyajua kuhusu mchana ule wote ni yale ambayo katibu aliona yanafaa kuandikwa.

Kwetu kalamu hiyo hupewa mimi, kwa kuwa nafundisha Kiswahili. Miaka imenionyesha kwamba lugha siyo sehemu ngumu ya kazi hiyo. Ugumu uko katika kuacha. Kila sentensi ninayoiacha nje ina mwenyewe, aliisema kwa kinywa chake huku ananiona nimeshika kalamu. Ndiyo maana nimekuwa nikiliwaza sana neno hili, muhtasari, na namna tunavyolitumia kila siku pasipo kulitazama.

Tumelizoea mno. Redioni msomaji huanza na muhtasari wa habari kabla ya habari kwa ukamilifu, na akimaliza huurudia, ili aliyechelewa kufungua redio naye apate chochote. Mwalimu mpya katika shule za Tanzania hukabidhiwa muhtasari wa somo, yaani mpango wa yatakayofundishwa kidato kwa kidato. Mkenya atauita silabasi. Ofisini na vijijini, muhtasari ni yaliyosemwa na kuamuliwa kikaoni, ambayo vitabu vya shule vya Kenya huyaita kumbukumbu za mkutano. Tasnifu za chuo kikuu zina ikisiri. Mitihani ina ufupisho. Majina ni mengi, kazi ni moja: mtu mmoja amesikia au amesoma mengi, na mwingine ambaye hakusikia wala hakusoma atayapokea machache kutoka kwake, ayaamini.

Neno muhtasari tumelipata kwa Waarabu, na shina lake ndilo hilohilo linalozaa neno lao la kiuno. Napenda undugu huo. Kiuno ni chembamba kuliko kifua na nyonga, lakini uzito wote wa juu hupita hapo kwenda miguuni, na mtu akiumia kiuno hainuki kitandani. Anayefupisha habari anaipa kiuno. Mengi yatapita kwenye wembamba ule, kwa hiyo penye wembamba ndipo panapotakiwa kuwa imara kuliko pote.

Ufupi wa namna hiyo nilianza kuujua utotoni, chuoni, Tanga. Kama watoto wengi wa mwambao, tulipovuka juzuu za mwanzo tuliingizwa kwenye Safinatun Najaa, kijitabu cha fikihi ya Kishafii kilichotungwa katika karne ya 19 na Salim bin Sumeir, mwanachuoni wa Hadhramaut aliyefia Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta. Ni kijitabu chembamba, na mambo yake yamepangwa kwa idadi: nguzo za Uislamu tano, nguzo za imani sita, faradhi za udhu sita, na kuendelea. Mtoto hukihifadhi kwa moyo kabla hajakielewa Kiarabu chake. Waliosonga mbele huingia kwenye matini ya Abu Shujaa, ambayo nayo ni muhtasari, maana katika elimu ya Kiislamu vitabu vya aina hii ni fani inayojitegemea. Washafii wana Mukhtasari wa Muzani. Wamaliki wa Afrika Magharibi wamelelewa na Mukhtasari wa Khalil.

Ukisoma peke yako, faradhi za udhu unazimaliza kwa pumzi moja: nia, uso, mikono, kichwa, miguu, na kufuata utaratibu. Maalim wetu hakutuacha na pumzi hiyo moja. Alitutoa uani, akaagiza ndoo na kata, akakunja mikono ya kanzu. Uso ni nini? Akatuonyesha kwa kidole: kuanzia zinapoota nywele hadi chini ya kidevu, na kutoka sikio hadi sikio. Mikono inaishia wapi? Akamwita mwenzetu mmoja, akammiminia maji, kisha akamgeuza tumwone kwa nyuma. Mkono wote ulikuwa unameremeta, lakini ncha ya kiwiko ilikuwa imepauka vilevile, kavu, ina vumbi la mchezo wa asubuhi. Maalim hakusema neno. Alituacha tutazame mpaka kila mmoja akaliona lile doa, ndipo akamimina tena. Aliyevaa pete aliitwa mbele. Aliyefungwa kitambaa kwenye kidonda aliulizwa yeye angefanyaje. Mstari mmoja wa kitabu ulikula alasiri nzima, na kesho yake tukarudi palepale kwa kuwa kuna mtoto hakuwapo jana.

Kijitabu kile hakikuandikwa kisomwe na mtu mpweke. Mtunzi wake alijua kuwa nyuma ya kila neno atasimama maalim mwenye ndoo na kata. Na Muhammad Nawawi wa Banten, mwanachuoni mzaliwa wa Java aliyefundisha Makka katika karne hiyohiyo, alikiandikia ufafanuzi uitwao Kashifatus Sajaa, kitabu kinene mara nyingi kuliko kile kinachofafanuliwa. Ufafanuzi wa namna hiyo kwa Kiarabu ni sharhi. Katika Kiswahili cha vitabu ni sherehe. Ukilitaja neno hilo leo wengi watawaza pilau na tarumbeta, lakini fungua diwani za washairi wetu, utalikuta kurasa za mwisho, juu ya orodha ya maneno magumu na maana zake. Matini na sherehe vilikwenda pamoja. Aliyefupisha alijua kwamba ametengeneza kazi kwa mwingine, na huyo mwingine alikuwapo, anajulikana, anaweza kuulizwa.

Hapo ndipo mawazo yangu yamekaa kwa muda mrefu. Ufupi una gharama. Maneno yakipungua upande mmoja, kazi huongezeka upande mwingine, na la kuangalia ni nani anayeibeba. Pale uani aliibeba maalim.

Nimeliona jambo hilo kwa ukubwa wa nchi nzima. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Ni maneno matatu, hayana pambo. Lakini nyuma yake Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na wenzake walikuwa wameandaa vipindi vya redio vya wiki 12, vitabu vya wasomaji wapya, na maelfu ya viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa. Karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi, chini ya miti, kwenye madarasa, kwenye baraza za nyumba, wakasikiliza, wakasomewa, wakajadiliana. Mwisho wa mjadala swali lilikuwa moja: sisi hapa tutafanya nini? Wakachimba vyoo. Wakafyeka nyasi zilizoizunguka nyumba, wakafukia madimbwi ambamo mbu walikuwa wanazaliana. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo.

Leo kila maadhimisho yana kauli mbiu yake, na nyingi zimetungwa vizuri kabisa, zina urari na mvuto. Huchapwa kwenye fulana na mabango, hutamkwa na mgeni rasmi, watu huitikia. Nikizisikia huwa natafuta vile vikundi chini ya mti. Siwaonei wivu waliotunga Mtu ni Afya kwa ufasaha wao. Maneno matatu hata mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza anaweza kuyapanga. Nawaheshimu kwa sababu waliotamka maneno hayo matatu walikuwa tayari wamefanya kazi ya maneno elfu moja, na wananchi waliyapokea wakijua pa kwenda kuuliza.

Kuna ufupi mwingine ambao kila mwenye simu Tanzania ameuonja. Ujumbe unaingia kutoka namba usiyoijua: ile hela itume kwenye namba hii. Hakuna salamu wala jina. Wezi hao wanaijua lugha yetu kuliko tunavyowadhania, kwani hila yote wameiweka kwenye neno moja, “ile”. Kwa Kiswahili husemi “ile” kwa kitu ambacho mwenzako hakijui. Ukisema ile hela, umekwisha kumwambia kuwa kuna mazungumzo yaliyotangulia, kuna makubaliano, mimi na wewe tunaelewana. Mzazi aliyeahidiana na mwanawe asubuhi juu ya karo hana haja ya kushawishiwa. Akili yake mwenyewe inamalizia sentensi. Jirani yangu alituma pesa za mwezi mzima kabla hajakaa chini, na aliponieleza baadaye alikuwa anarudia jambo moja tu: “Mwalimu, waliandika kama mtu anayenijua.”

Watu wanaojuana husema kwa ufupi kwa haki yao. Mke na mume waliokaa pamoja miaka mingi humaliza shauri zima kwa “sawa” moja. Fundi na kibarua wake hawahitaji sentensi. Anayenyoosha mkono hupewa anachokitaka, pimamaji au mwiko. Msibani ndiyo kabisa. Mwanamke anaingia, kajifunga kanga, anamshika mfiwa mkono, anasema “pole”, basi, anakwenda jikoni kumenya vitunguu. Neno hilo moja linatosha kwa sababu atalala hapo, kesho ataosha masufuria, na kesho kutwa atakuwapo bado. Mgeni aliyepiga simu kutoka mbali hulazimika kusema mengi zaidi, na hata akisema mengi hajisikii ametosheka. Naye ana haki ya kujisikia hivyo, kwa maana maneno yake yanajaribu kufanya kazi ya mikono isiyokuwapo.

Upande wa pili uko mkato. Kiswahili kimetofautisha vizuri: kusema kwa ufupi ni sifa, kujibu kwa mkato ni lawama. Mzee amepanda daladala mbili tangu alfajiri kufuatilia mafao yake, amekaa kwenye benchi hadi saa sita, anafika dirishani, anaambiwa “njoo kesho”. Maneno mawili. Aliyeyasema ameokoa dakika tano za kueleza ni karatasi gani imepungua, nani anayo, na kesho saa ngapi. Mzee amelipa dakika hizo tano kwa nauli nyingine ya kwenda na kurudi, siku nyingine bila dawa, na usiku mwingine wa kujiuliza kama amekosea. Wenye nguvu huzoea kusema maneno machache kwa sababu hakuna anayethubutu kuwauliza zaidi. Hata sisi walimu tuna lugha hiyo. Hata sisi wazazi.

Nirudi kwenye kikao, kwa sababu huko ndiko ninakobanwa na mambo haya kwa kalamu mkononi.

Baba mdogo alipofariki aliacha nyumba moja yenye vyumba vitatu vya kupangisha uani. Arobaini ilipopita tukakaa. Ajenda zilikuwa za kawaida: kufungua kikao, kutambua warithi na mali, kumpendekeza msimamizi wa mirathi, mengineyo, kufunga kikao. Tulipofika kwenye mali, mama mdogo aliomba kusema. Alianza mbali. Alianza na asubuhi za zamani alipokuwa anakaanga maandazi saa kumi usiku ili yawahi stendi kabla ya basi la kwanza. Akaeleza mifuko ya saruji waliyoinunua miwili miwili na kuilaza juu ya mbao isishike unyevu. Akamtaja fundi, ambaye naye amekwisha fariki, na maji aliyomtekea kwa kichwa. Akasema mabati yalinunuliwa siku alipopokea zamu yake ya upatu, na kwamba marehemu alicheka siku hiyo akasema, sasa mvua inyeshe. Alirudi nyuma, akalia, akaendelea. Wazee wakaanza kutazama saa, maana adhuhuri ilikuwa inakaribia.

Niandike nini? Lugha ya vikao ina sentensi iliyokaa tayari kwa saa kama ile: mjane alitoa maoni yake. Ni fupi, ina adabu, na haina uongo ndani yake. Ubaya wake uko hapo hapo. Hakuna atakayeweza kuikana, na hakuna atakayejifunza chochote kutoka kwayo. Wala sikuweza kuandika yote, kwa sababu kicheko cha marehemu si hoja ya mahakama, ingawa ndicho nilichokwenda nacho nyumbani. Nikaandika kwamba mjane alieleza kuwa nyumba ilijengwa kwa fedha za mume na zake mwenyewe, na kwamba mabati yote na sehemu ya saruji vilinunuliwa kwa fedha zake za biashara ya maandazi na upatu.

Kabla ya sahihi huwa nausoma muhtasari kwa sauti, neno kwa neno. Nilipofika hapo baba mkubwa akainua mkono.

“Mwanangu, hapo umerefusha. Andika tu kwamba mjane alitoa maoni.”

“Baba mkubwa, hakimu hakuwapo hapa.”

“Sisi tulikuwapo.”

“Ndiyo, baba. Na sisi ndio tutakaoulizwa.”

Akaniambia nirudie sentensi ile taratibu. Nikarudia. Akamgeukia mama mdogo: “Ndivyo ulivyosema?” Naye akajibu: “Ndivyo, shemeji.” Sentensi ikabaki. Baba mkubwa akawa wa kwanza kuweka sahihi, na mpaka leo namheshimu kwa kumuuliza mwenyewe badala ya kuniuliza mimi.

Sikung'ang'ania sentensi ile kwa huruma tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri lililotokana na talaka, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani huhesabika kuwa mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Mirathi ina taratibu zake na talaka ina zake, lakini uamuzi ule ulinifundisha kusikiliza kwa sikio jingine. Yale yanayoitwa sebuleni maneno ya wanawake, yaani unga, mafuta, maji ya kichwani, zamu ya upatu, mbele ya sheria yanaweza kuwa na jina la mchango. Yakipotea kwenye muhtasari, hayatapatikana kwingine. Fundi amekufa. Risiti za mabati ya miaka ile hakuna aliyezitunza.

Hata hivyo yapo niliyoyaacha siku ile, na niliyaacha kwa makusudi. Vijana wawili wa ukoo walirushiana maneno mazito juu ya deni la zamani, mmoja akamtaja mama wa mwenzake. Dakika chache baadaye walikuwa wamenyamaza, na jioni waliondoka kwenye pikipiki moja. Tusi lile lingekaa kwenye jalada la mahakama miaka na miaka baada ya hasira yenyewe kwisha. Hapo kuacha ni kusitiri. Saruji niliiandika, tusi nikaliacha, na vyote viwili vilitoka kwenye kikao kimoja. Ninapopima, najiuliza mambo mawili. Aliyesema neno hili, kesho angependa kulikuta hapa? Na yuko mtu ambaye hayupo, au ambaye hana sauti, atakayeumia lisipokuwapo?

Sentensi nyingine ninayoiogopa ni ile ya kufungia mjadala: baada ya majadiliano marefu, wajumbe wote kwa kauli moja waliridhia. Ukisoma mihtasari ya nchi hii utadhani hatujawahi kubishana. Siiandiki siku hizi bila kuzunguka na kumuuliza kila mtu kwa jina. Mara nyingi wote huridhia kweli. Lakini mara moja shangazi mmoja, mpole, aliyekuwa amekaa karibu na mlango muda wote, alipofikiwa alisema: “Mimi sijaridhia, ila sikuulizwa.” Tukakaa upya.

Uzito huu hauishii kwenye familia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, ambao ni mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Idhini hiyo itajulikanaje baadaye, waliokuwapo wakiwa wamehama au wamekufa? Kwa muhtasari na orodha ya mahudhurio. Mistari michache kwenye daftari la mtendaji ndiyo itakayosema kama watu walikubali shamba litoke, au walikubali litoke kwa sharti la kuchimbiwa kisima. Kisima kikiachwa nje ya sentensi, hakitachimbwa.

Kwa hiyo nikiingia darasani kufundisha ufupisho naingia na watu hao wote kichwani. Katika mtihani wa kidato cha nne, hapa kwetu na Kenya pia, ambako ufupisho una alama 15 katika karatasi ya pili ya KCSE, mwanafunzi hupewa kifungu na kuambiwa akifupishe kwa maneno yasiyozidi idadi fulani bila kubadilisha maana. Wengi husikia sehemu ya kwanza ya agizo. Huanza kuhesabu maneno na kukata, na wanayoyakata kwanza ni madogo: baadhi, huenda, inasemekana, ingawa, isipokuwa, wakati huo. Huonekana kama maneno ya kujazia.

Niliwahi kuandika ubaoni sentensi hii: baadhi ya wavuvi wa kijiji hicho wanasemekana kutumia nyavu za macho madogo wakati wa kusi, bahari inapochafuka. Nikawaomba waifupishe. Karibu darasa zima likaleta hii: wavuvi wa kijiji hicho hutumia nyavu za macho madogo. Ni sentensi safi, sarufi haina kasoro, maneno yamepungua kwa karibu nusu. Nikawauliza, kama baba yako ni mvuvi wa kijiji hicho, na hajawahi kuushika wavu wa namna hiyo maishani mwake, sentensi hii imemfanya nini? Darasa likanyamaza. Kuna binti anatoka kwenye familia ya wavuvi, akasema pole pole: “Imemfanya mhalifu, mwalimu.” Tukarudi ubaoni pamoja. Tukakubaliana kwamba kusi inaweza kuondoka kama kifungu hakizungumzii majira, na kuchafuka kwa bahari pia. Lakini “baadhi” haiondoki, na “wanasemekana” haiondoki. Maneno mawili, yanayoonekana mepesi, ndiyo yaliyokuwa yamebeba haki ya watu wa kijiji kizima.

Tangu hapo nimebadili zoezi langu. Mwanafunzi akimaliza ufupisho, chini yake anaandika mambo aliyoyaacha, na mbele ya kila jambo anaeleza kwa nini ameliacha. Mwanzoni walilalamika kwamba kazi imekuwa ndefu kuliko kifungu chenyewe. Baadaye nikaanza kuona kitu ambacho sikuwa nimekitarajia. Wakifika kwenye safu ya sababu, wengine hufuta na kurudi juu, wakarudisha neno walilolikata, kwa kuwa wamekosa sababu ya kuliacha. Mmoja aliandika mbele ya jina la mtu: “Nimeliacha kwa sababu halimhusu msomaji na lingemwaibisha mwenyewe.” Sijawahi kumfundisha sentensi hiyo.

Nimelileta jambo hili kwenye kikao cha walimu wa Kiswahili wa kanda yetu, na ningependa lifike kwa watunga mitihani. Wasiondoe swali la ufupisho, wala wasiongeze urefu wa kifungu. Chini ya swali lile waongeze kipengele kimoja: taja jambo moja uliloliacha, ueleze kwa nini. Alama mbili zinatosha. Katibu wa kikao kile cha walimu aliliandika pendekezo langu kama nilivyolisema, pamoja na jina la mwalimu aliyelipinga na hoja yake kwamba muda wa mtihani hautoshi. Hoja hiyo ina nguvu, na kikao kijacho tutaanzia hapo.